Alama ya Nne

Gari la Yusra lilizimika mbele ya soko la Mwanga saa nne asubuhi, siku ambayo kila mwenye bajaji Kigoma alikuwa ameamua kupita hapo hapo. Honi zikamvamia. Nyuma alikuwa na madumu sita ya mawese kutoka Simbo, na mwilini dera la kijani na ushungi mweupe, mavazi ya kupokelea wateja, si ya kusukumia gari. Akazungusha ufunguo tena.

"Dada, acha! Ukiwasha mara nyingine utamaliza kila kitu humo ndani."

Alikuwa mwanamume mrefu, ndevu zimechongwa vizuri, ovaroli la buluu limepigwa pasi. Yusra alilitazama lile ovaroli kwa mashaka. Fundi gani anapiga pasi nguo ya kazi? Wanaovaa hivi ni matapeli.

"Umejuaje, na hata boneti hujafungua?"

"Nimelisikia likija tangu kwenye kona. Cheni ya taimingi ilikuwa inalia, sasa imeruka. Naitwa Hamdani, gereji yangu iko Ujiji."

"Nimekuuliza jina?"

"Bado. Nimekupunguzia kazi."

Yusra akacheka bila kutaka, na kucheka kwenyewe kukamtia wasiwasi.

Gari likavutwa hadi gereji, injini ikashushwa. Valvu zilikuwa zimepinda, ikabidi ifumuliwe yote na cheni mpya iagizwe Dar. Kwa wiki tatu Hamdani alimpigia kila jioni kumweleza kazi ilipofikia. Habari za injini zilichukua dakika mbili, zilizobaki zikawa zao.

"Umekula, laazizi?"

"Laazizi ni nani? Mimi ni mteja."

"Haya, mteja wangu laazizi, umekula?"

Yusra alimpenda, na alipojua kwamba amempenda akaogopa. Mume wake wa zamani naye alikuwa na maneno matamu, kumbe miaka minne alikuwa na mke mwingine Kasulu huku akiaga anakwenda kazini. Tangu hapo Yusra akawa mtu wa kupekua. Jioni moja alisikia sauti ya kike nyuma ya simu ya Hamdani.

"Nani huyo?"

"Mama ntilie. Anauliza nile wali au ugali."

"Mpe simu."

Akapewa. Mama ntilie akamuuliza na yeye kama anataka wali.

Cheni ilipofika, Yusra aliufuata mzigo stendi mwenyewe. Hata hajafika nyumbani, shoga yake Fatu akampigia.

"Ni orijino? Basi shoga, jihadhari. Atakufungia feki, hiyo aiuze. Itie alama ya siri. Fundi wangu nilimnasa hivyo hivyo."

Mkobani alikuwa na chupa ya rangi ya kucha, ya dhahabu, ile ile aliyopaka vidoleni. Akafungua mfuko, akapaka pingili moja ya cheni, akaipuliza mpaka ikakauka, akafunga na kuipeleka gereji. Alijiona mjanja.

Siku ya kufunga cheni alikaa pale pale gereji, juu ya ndoo iliyogeuzwa kifudifudi. Cheni ilipotolewa akaliona tone lake, roho ikatulia. Hajaibadilisha!

"Tazama," Hamdani akamwambia akiwa ameinama. "Pingili hizi zenye rangi ya dhahabu lazima zikae sawa na alama za gia. Ukikosea meno mawili tu, valvu na pistoni zinagongana."

Yusra alikuwa anatazama mikono yake, maneno yakampita.

Hamdani alipomaliza akashika spana, akazungusha injini kwa mkono kabla ya kuiwasha. Nusu mzunguko, ikagoma. Akarudia taratibu. Ikagoma tena. Mafundi wenzake wakaacha kazi, wakamtazama.

"Nilijua tu," Yusra akasema kwa sauti. "Sasa utaniambia niagize nyingine."

Hamdani akashika spana tena. Akaitoa cheni, akaifuta grisi kwa kitambaa, pingili moja moja.

"Cheni hii huja na alama tatu," akasema polepole. "Hii ina nne."

Alama halisi ilikuwa imefunikwa na grisi. Hamdani alikuwa amefuata ile ya pembeni yake. Akaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka. Kisha akatazama vidole vya Yusra.

"Ni yangu," Yusra akasema. "Nilidhani utaibadilisha."

"Wiki tatu nakuuliza umekula, na wewe unanitegea mtego?"

"Hamdani, nisikilize..."

"Ningeiwasha, ningeivunja injini yako kwa mikono yangu, na Ujiji nzima ingesema sijui kazi. Nenda nyumbani. Gari likiwa tayari utaambiwa."

Aliyempigia kumwambia alikuwa fundi mwingine. Siku nne Yusra alikuwa amepiga bila kupokelewa, na kwa mara ya kwanza hakujiuliza Hamdani yuko na nani. Alijua yuko na hasira, na hasira yenyewe ni ya haki.

Akaenda. Akasimama katikati ya gereji, mbele ya mafundi na wateja.

"Ile cheni niliichezea mimi. Fundi huyu anajua kazi yake, na si mwizi. Mwizi nilimleta mimi kichwani mwangu." Akamwekea Hamdani ile chupa mkononi. "Kaa nayo. Sina kazi nayo tena."

Hamdani hakutabasamu. Akampa ufunguo. "Nimeizungusha mara sita kwa mkono. Iko sawa."

Basi. Yusra akaendesha hadi kwao akilia, na cheni haikulia hata kidogo.

Ijumaa alasiri wazee watatu wakabisha hodi kwa mama yake, wameleta posa. Yusra alichungulia dirishani. Kwa desturi muoaji mwenyewe hakutakiwa kuwepo, lakini Hamdani alikuwa nje, kanzu imepigwa pasi, ameegemea gari lililowaleta. Yusra akatoka kwa mlango wa uani.

"Umekuja kufanya nini? Si umenikasirikia?"

"Nimekasirika, ndiyo. Nikikasirika nisioe?"

Akanyoosha mkono. Ukucha wa kidole cha mwisho ulikuwa wa dhahabu, umepakwa vibaya mpaka kwenye nyama.

"Nimeiweka mwenyewe," akasema. "Usije ukasema nimebadilishwa."

Yusra akakishika kile kidole, akakikagua muda mrefu, kwa mazoea. Kisha akakiachia, akaingia ndani kumwambia mama yake akubali.