Siku Kumi za Mpima Ardhi

“Wiki ishirini,” Mpima alisema. “Imeandikwa hapa, wiki ishirini kamili.”

“Nimeona. Mimi ndiye niliyelala pale wakinipaka mafuta ya baridi tumboni.”

“Basi nisaidie jambo moja.”

Alifungua daftari lake la kazi, akaliweka mezani kando ya kadi ya kliniki na picha ya kipimo. Mume huyu alikuwa mpima ardhi. Alikuwa akikaa kambini wiki nne, kisha nyumbani wiki mbili, na kila siku ya maisha yake ilikuwa na mstari wake daftarini. Mkewe alishona sare za shule sebuleni, cherehani ikiwa chini ya dirisha, na ndiyo maana kila mtu mtaani alimwita Fundi. Walikuwa wameoana miaka sita. Hiyo ilikuwa mimba yao ya kwanza.

“Wiki ishirini kurudi nyuma ni siku mia moja na arobaini,” Mpima alisema. “Siku hiyo nilikuwa kambini. Nilirudi siku kumi baadaye. Tazama, hapa.”

Fundi hakutazama daftari. Alimtazama yeye.

“Unataka kusema nini?”

“Nasema hesabu.”

“Hesabu haina mdomo. Wewe unao. Sema.”

Mpima aligeuza kurasa za daftari. Hakuwa mtu wa kufoka. Laiti angefoka, pengine wangemaliza siku hiyohiyo.

“Nakuomba maelezo tu,” alisema mwishowe. “Siyo kiapo.”

“Maelezo ni haya. Sijawahi kuwa na mwanaume mwingine. Huo ndio ushahidi wangu wote, sina daftari.”

“Twende kliniki tukaulize.”

“Tukaulize nini? Niwaambie watu baki, jamani, mume wangu anataka kujua mimba ni ya nani? Nenda mwenyewe.”

Hakwenda. Hilo ndilo kosa lake, na si dogo. Aliyempima Fundi alikuwa na foleni ya akina mama arobaini. Alitaja namba, akagonga muhuri, akaita mwingine. Hakuna aliyeeleza namba ile imeanzia wapi. Mke hakujua, mume hakuuliza, na kila mmoja akaondoka na sehemu yake ya uchungu.

Asubuhi iliyofuata Mpima alirudi kambini, likizo yake ikiwa bado na siku nane.

Siku ya tatu mlango uligongwa. Mama mkwe alikuwa amesimama nje na begi lake.

“Nimekuja kukaa,” alisema.

“Mama, umesikia aliyoyasema mwanao?”

“Nimesikia. Na wewe umeyaamini?”

“Mimi? Mimi najijua.”

“Na mimi nakujua. Mimi ndiye ninayeshinda na wewe hapa miaka sita. Yeye anakujua kwa likizo. Nionyeshe pa kuweka begi.”

Kuanzia siku hiyo, kila Jumamosi baada ya kliniki, Mpima alipokea ujumbe wa sauti kutoka kwa mama yake. Mpima hakurudi nyumbani hata likizo zilipofika; alikuwa akipanda kilima cha kambini kutafuta mtandao ili amsikilize.

Wiki ya ishirini na nne: “Mkunga anasema mtoto sasa anasikia. Anasikia cherehani, anasikia mimi nikiimba vibaya. Sauti yako hajaisikia. Haya, kazi njema.”

Wiki ya ishirini na nane: “Amefungua macho. Yamo gizani huko lakini yamefunguka. Mkeo anakula vizuri. Hajakutaja. Na mimi sikukutaja.”

Mpima alijibu kwa maandishi: “Asante mama. Presha yake ikoje?”

“Presha ya nani?”

“Ya mke wangu.”

“Ahaa! Kumbe bado ni mke wako? Nitamfikishia.”

Hakumfikishia. Lakini wiki hiyo hiyo simu ya Fundi iliita, ujumbe mfupi kutoka kwa mumewe: “Umekula?” Akaujibu: “Nimekula.” Kesho yake tena. Kwa wiki tano waliandikiana maneno hayo mawili kila siku saa saba mchana, kama watu wanaosaini kitabu cha mahudhurio.

Wiki ya thelathini na tatu na siku tano, asubuhi, Fundi aliketi kumalizia kola. Akachukua kastabini, kile kikofia cha chuma anachovaa kidoleni asichomwe na sindano. Kikagoma kuingia. Juzi kiliingia. Akajaribu kidole kingine, kikagoma pia.

“Mama, vidole vyangu vimekuwa hivi lini?”

Mama mkwe alikuwa akichambua mboga. “Mimba hiyo. Mimi nilivimba mpaka nikawa navaa viatu vya baba mkwe wako. Alikwenda kazini na ndala wiki nzima.”

“Wewe ulivimba miguu. Hii ni mikono. Na uso, nimejiona kwenye kioo.”

“Kichwa?”

“Kinauma tangu jana. Hakisikii dawa. Na kuna vimulimuli.”

“Vimulimuli? Mchana huu?”

“Vinapita mbele ya macho. Sasa hivi kuna kimoja kwenye paji lako.”

Mama mkwe aliacha mboga. Alimpigia mkunga, akayarudia yote bila kupunguza wala kuongeza, kisha akasikiliza.

“Anasema twende sasa hivi. Vaa viatu.”

“Haviingii.”

“Vaa vyangu.”

“Nimalizie kola tu, wanakuja kuchukua saa sita.”

“Mkunga kasema, na alijua utasema hivyo: asimalize kushona.”

Hospitalini, presha ilisoma mia moja na sabini juu ya mia moja na kumi na mbili. Mkojo ulikuwa na protini nyingi. Mkunga, mwanamke mwembamba asiyepoteza maneno, aliwaeleza wakati akimwekea dripu.

“Miguu ikivimba jioni, mara nyingi ni kawaida. Mikono na uso kuvimba ghafla, kichwa kisichosikia dawa, kuona vimulimuli, hizo si za kuvumilia nyumbani. Ni dalili za kifafa cha mimba. Kifafa chenyewe hakijaja. Dawa hii ni ya kukizuia, hii ya kushusha presha.”

“Tungesubiri mpaka kesho?” mama mkwe aliuliza.

“Pengine tusingekuwa tunazungumza hivi. Nani aliona vidole?”

“Yeye mwenyewe.”

“Basi ashukuriwe. Daktari amesema mtoto atatolewa kesho. Leo tunampa mama sindano za kukomaza mapafu ya mtoto.”

Mama mkwe alitoka nje akapiga simu.

“Uko wapi?”

“Juu ya kilima, napima.”

“Teremka.”

“Mama, kuna nini?”

“Mkeo ana presha ya kifafa cha mimba. Kesho anafanyiwa upasuaji.”

Upande wa pili upepo ulivuma.

“Anaongea?” Mpima aliuliza.

“Anaongea. Anauliza kola zake.”

“Niambie ukweli, mama. Anaweza kufa?”

“Anaweza. Teremka.”

Alifika saa tisa alasiri, viatu vimegandwa na udongo. Mama yake alikuwa kwenye benchi la korido. Alimsalimia, naye akaitikia kwa kuonyesha mlango kwa kidole.

Ndani palikuwa na meza ya mkunga, na nyuma yake pazia la kijani. Nyuma ya pazia kulikuwa na kitanda.

“Wewe ni nani wake?” mkunga aliuliza.

“Mume.”

“Jaza hii. Mtoto akizaliwa atapelekwa chumba cha watoto njiti, tunahitaji mzazi. Hapa, uhusiano na mtoto.”

Mpima aliandika: Baba. Akasaini. Kisha hakurudisha kalamu.

“Samahani, dada. Hii sindano ya mapafu mnaipima kwa umri wa mimba?”

“Umri tunauangalia, ndiyo. Ana wiki thelathini na tatu na siku tano.”

“Hapana. Hesabu yenu ina kosa.”

Mkunga aliinua macho. “Wewe ni daktari?”

“Mpima ardhi. Siku mnayoanzia kuhesabu, mimi nilikuwa kambini. Nilirudi siku kumi baadaye. Kwa hiyo mtoto ni mdogo kuliko mlivyoandika, siku kumi au zaidi. Mapafu yake ni machanga zaidi. Tafadhali mwambieni daktari kabla ya kesho.”

“Na kama hesabu yetu ni sahihi?”

“Haiwezi kuwa sahihi. Mtoto ni wangu.”

“Una hakika gani?”

“Mama yake aliniambia.”

Mkunga aliweka kalamu yake chini. Mpima aliendelea, taratibu, kama anayesoma ripoti yake mwenyewe na haipendi.

“Nikipata vipimo viwili vinavyopingana, lazima niamue kipi nakisimamia. Nilisimamia karatasi, nikamtilia shaka mke wangu. Nimekuwa na wiki kumi na nne za kufikiri juu ya kilima. Sijawahi kumkuta na uongo hata wa dakika tano. Yeye hajakosea. Kwa hiyo karatasi imekosea. Mrekebishe karatasi.”

“Kaa chini,” mkunga alisema.

Akakaa.

“Karatasi haijakosea. Na mkeo hajakosea. Unajua tunaanza kuhesabu lini?”

“Siku mimba ilipoingia.”

“Siku hiyo hakuna anayeijua. Tunaanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kwa sababu hiyo mwanamke anaweza kuikumbuka. Hata mashine ya picha imepangwa kuhesabu hivyo. Wiki mbili za kwanza mwanamke hana mimba kabisa, tunamwandikia tu. Yai hutoka kama siku ya kumi na nne. Wewe ulirudi siku ya ngapi?”

“Ya kumi.”

“Haya. Malizia mwenyewe.”

“Siku ya kumi na nne nilikuwa nyumbani,” Mpima alisema. Masikio yake yaliwaka kwa aibu.

“Kazini kwako,” mkunga alisema, “mtu akikuletea kipimo, unamuuliza nini kwanza?”

“Amepima kuanzia wapi.”

“Ehe.”

Kwenye korido, mama yake alikohoa kikohozi kirefu kisicho na ugonjwa. Kisha sauti nyingine ikatoka nyuma ya pazia.

“Mkunga, muulize huyo bwana kama amekula.”

Mpima alisimama, akasogeza pazia. Fundi alikuwa amelala kwa ubavu wa kushoto, uso umevimba, macho madogo, mkono una dripu. Alionekana mtu mwingine mpaka alipoongea.

“Usinililie hapa, nimekatazwa kelele.”

“Silii.”

“Nimesikia yote. Ulimwambia ni wako kabla hujaelezwa.”

“Ndiyo.”

“Ungeelezwa kwanza ndipo useme, ningekufukuza na dripu yangu hii.”

“Ningestahili. Mke wangu, nimekukosea. Sina maelezo. Nilikuwa na haki ya kuuliza kliniki, nikaja kukuhukumu wewe.”

“Endelea.”

“Nimekuacha peke yako wiki kumi na nne.”

“Sikuwa peke yangu. Nilikuwa na mama. Anakoroma, lakini alikuja.” Alifumba macho kidogo. “Nimekusikia. Sijasema nimesamehe. Kaa hapo, nisije nikaamka nikakuta kiti kitupu.”

Alikaa mpaka saa ya wageni ilipokwisha, na asubuhi akarudi kukaa.

Mtoto alitolewa kesho yake mchana. Wa kike, kilo moja na gramu mia tisa na sitini. Alilia kidogo, kwa sauti ya mlango unaohitaji mafuta, lakini alilia mwenyewe na alipumua mwenyewe. Presha ya mama ilishuka taratibu; dawa ya kuzuia kifafa iliendelea siku nzima, na kifafa hakikuja.

Siku ya pili mkunga alimfuata Mpima koridoni.

“Vua shati.”

“Mimi?”

“Kwani mama yako ndiye tutakayemvua? Mtoto njiti hana mafuta ya kutosha mwilini, hawezi kujitunzia joto. Anahitaji ngozi ya mtu. Mkeo bado amefungwa waya. Nawa mikono, vua shati, keti.”

Wakamlaza mtoto kifuani pake, kofia kichwani, nepi kubwa kuliko yeye, wakamfunga kwa kitenge. Mpima alibaki mgumu kama nguzo ya umeme. Baada ya robo saa, mtoto akajikunyata, akapumua kwa mpangilio. Mabega ya baba yakashuka.

Jioni Fundi aliletwa kwa kiti cha magurudumu, mama mkwe akisukuma na kugonga kila kona. Alimtazama mumewe kwa muda.

“Midomo yako inacheza. Unahesabu pumzi zake?”

“Nashukuru.”

“Kwa sauti basi, tusikie wote.”

“Namshukuru Mungu. Namshukuru mkunga. Namshukuru mama, alibeba begi bila kuitwa na mtu.”

“Na nimechoka kulala kwenye godoro lenu,” mama mkwe alisema. “Endelea.”

“Nawashukuru waliotengeneza ile dawa, siwajui. Na wewe, mke wangu. Uliona hatari mwilini mwako mwenyewe, ukasema. Mko hai nyote wawili. Nakushukuru kwa kuniruhusu niwe hapa.”

“Sijakuruhusu,” Fundi alisema. Alinyoosha kidole, kikiwa bado kimevimba kiasi, akagusa kofia ya mtoto. “Nimeazima kifua tu. Akifika kilo mbili na nusu, tutazungumza.”

“Kilo mbili na nusu?”

“Bila kupunjwa hata gramu.”

Mpima aliomba ruhusa ya mwezi mzima kazini. Kila siku alivua shati na kumbeba mtoto kifuani kwa muda wa saa sita, akapumzika, kisha saa sita nyingine. Walipotoka hospitali alilala sebuleni, miguu chini ya cherehani, na mchana alimbeba mtoto kifuani akipika kwa mkono mmoja. Chakula kilikuwa kibaya. Fundi alikula, akasema ni kibaya, akaongeza sahani.

Mtoto alipotimiza siku thelathini na moja walikwenda kliniki. Mzani ulisoma kilo mbili na gramu mia tano na kumi. Mpima alimwomba muuguzi ampime tena. Ikawa vilevile.

Nyumbani Fundi alimnyonyesha mtoto, akamlaza. Kisha akasogea mpaka ukingo wa kitanda, akapigapiga nafasi iliyobaki kwa kiganja.

“Haya, baba watoto,” alisema. “Funga mlango. Zungumza.”