Glasi ya Melvin

Maji yalianza kupungua Juni, mwaka wa 2007. Nelima alikuwa ameweka glasi chini ya picha ya mwanawe Melvin, kijana aliyebahatika kupata grini kadi, akaingia jeshi la Amerika ili apate uraia upesi, na mwezi wa Mei akatekwa vitani Iraki. Kila siku saa saba mchana glasi ilibaki tupu, na ndani yake vumbi jeupe ambalo si la Kitengela walikoishi.

Kisha zikaja sauti. Mtu alimeza nyuma ya kochi, gudu gudu, kwa pupa, na harufu ya jasho la siku nyingi ikajaa sebuleni. Nelima alikuwa mama, ndiyo, lakini aliogopa sana.

"Huyo amekufa, anatangatanga," shemeji yake Wakhungu alinong'ona. "Mwili ukipotea sisi huzika mgomba mahali pake. Tuuzike, apumzike."

Naisenya, jirani aliyewaletea maziwa, alimvuta Nelima kando. "Mama Melvin, mtu amekufa atasikia kiu ya nini? Ngoja kidogo."

Lakini Nelima hakuwa amelala vizuri wiki nyingi. Alikuwa amechoka, basi.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti, saa saba, mgomba uliotoka Bungoma kwa basi ulivikwa shati la Melvin, ukashushwa kaburini nyuma ya nyumba. Wakhungu aliwaonya kwamba wakiitwa wasigeuke. Nelima akatupa konzi ya kwanza ya udongo, na papo hapo nyuma yake mtu akaanza kukohoa, akakohoa kama anayetafuta pumzi, harufu ile ikamjia shingoni, vidole vikashika leso yake, vikavuta, vikavuta, na sauti aliyoijua tangu ikililia titi ikasema, "Mama, maji."

Hakugeuka. Alitupa konzi ya pili.

Nyumba ikatulia, na Wakhungu akasifiwa kweli kweli.

Novemba akaja afisa wa jeshi na mkalimani wake.

"Walifichwa shimoni," mkalimani alisema. "Mwenzake ameokolewa, ndiye ametueleza. Udongo uliporomoka ukamfunika Melvin. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya Agosti, mchana."

"Aliteseka?"

"Hawakuwa wanapewa maji ya kutosha, mama. Lakini mwenzake anasema kila mchana Melvin alifumba macho, akifumbua anasema ameshakunywa. Eti mama yake humwekea."

Nelima aligeuka polepole, akaitazama glasi aliyoijaza asubuhi kwa mazoea. Saa saba ilikuwa imepita zamani, na hata tone halikuwa limepungua.