Picha Inakaguliwa

Picha ya kwanza kuingia doa ilikuwa ya Kabange. Katikati ya kifua cha mtoto palionekana duara jeusi, dogo kama kifungo cha shati. Isidore akapangusa kioo cha simu kwa kitenge cha mkewe, lakini doa halikutoka. Akasema simu imeharibika, akaiweka juu ya redio, akaenda kunywa chai.

Simu hiyo alipewa kazini, kwenye kiwanda cha shaba nje kidogo ya Likasi, ambako alikuwa fundi umeme. Wafanyakazi wote walipewa, na ndani ya kila simu mlikuwa na programu iitwayo Mlinzi, iliyopitia picha zote za mtu kutafuta zile zilizokatazwa na sheria, hasa za watoto wanaodhulumiwa. Jambo jema, nani angelipinga? Mlinzi aliuliza maswali kumi na mawili, na Isidore, kama sisi sote, alibonyeza "Ninaruhusu" mara kumi na mbili bila kusoma hata moja. Nani alilitia jini humo, au kama jini lilijipenyeza lenyewe lilipoona linakaribishwa, mpaka leo sijui.

Wiki tatu baadaye mkewe, Aimée, alijifungua mapacha, Kiungu na Kabange. Waluba hawapokei mapacha kimyakimya. Alphonsine, mama yake Isidore, aliwavua nguo watoto pale uani, akawapaka pemba, ule udongo mweupe, huku wanawake wa avenue nzima, mtaa wote ule, wakikata viuno na kuimba matusi mazito ambayo siku nyingine yangewatoa meno. Ndivyo mapacha wanavyokingwa na mabaya. Aimée alicheka mpaka akalia, na Isidore akapiga picha arobaini.

Kesho yake ndipo doa lilipotokea. Jioni Aimée alipokuwa akimwogesha Kabange aliliona duara lilelile kifuani pa mtoto, baridi kama chuma cha asubuhi.

"Isidore, kuya uone," alinong'ona. "Kuna muntu anamugusa mutoto yetu."

Juu ya redio, simu iliyozimwa ikasema kwa sauti ya mwanamke wa ofisini, mpole, asiye na haraka: "Picha inakaguliwa."

Nyumba ikanuka nywele zilizoungua. Kabange akapata duara la pili, shingoni.

Isidore alitupa simu chooni, akamwaga majivu juu yake, akarudi ndani, akamkuta Aimée amesimama ukutani na Kiungu kifuani, anaonyesha kidole kitandani ambako Kabange alikuwa amelala na macho wazi, madoa yakichipuka mwilini mwake moja baada ya jingine kadiri picha zilivyokuwa zikipitiwa huko zinakopitiwa, na alipofungua kinywa, yeye ambaye hakuwa hata na majuma mawili duniani, hakulia bali alisema, kwa ile sauti ya ofisini, "Picha inakaguliwa."

Asubuhi walimwita Mama Mado, kiongozi wa kikundi cha maombi, mwanamke aliyeng'oa mapepo mengi pale mtaani na aliyependa watu walijue hilo.

"Ni weye njo ulimwambia aingie?" alimuuliza Isidore kwa sauti ya chini.

"Nilifinya tu 'Ninaruhusu', Mama."

"Mara ngapi?"

"Kumi na mbili."

Mama Mado akaifunga Biblia yake. "Huyu hakuvunja mulango," alisema. "Ulimupa nyumba. Umuulize anataka nini."

Kabange akajibu mwenyewe. "Tunafunga faili kwa jina moja. Nani alimvua mtoto huyu nguo?"

"Ni minye njo nilipiga foto!" Isidore alipiga magoti. "Unitwale minye!"

"Aliyepiga tunamjua. Nani alimvua?"

Alphonsine alikuwa mlangoni. Ningependa kusema alijitoa, kama bibi anavyopaswa. Hakujitoa. Aliogopa, kama mimi na wewe tungeogopa.

"Isidore, usiseme. Minye niko mama yako. Ni desturi yetu, hatukufanya mubaya!"

Midomo ya Kabange ikageuka ya bluu.

"Sema!" Aimée alifoka. "Mutoto anakufa, sema!"

"Alphonsine," Isidore alisema. "Mama yangu, Alphonsine."

Kisha simu zikalia, kwanza ya jirani, halafu ya nyumba ya ng'ambo ya njia, halafu zote za avenue kwa pamoja, na katika kila moja ilikuwepo sura ya kikongwe huyo na chini yake maneno matatu: ADUI WA WATOTO. Wakaja walewale waliocheza naye uani, wenye pemba bado kwenye kucha, wakamshika mikono, wakamshika nywele, wakamburuta juu ya changarawe huku akipiga kelele, "Tulikuwa pamoja! Mado, uwaambie, tuliimba pamoja!" Mama Mado alitazama simu yake kwa kitambo, akaokota jiwe, akawafuata.

Ndani, Kabange alilia. Kilikuwa kilio cha mtoto hasa, cha njaa, na madoa yakafifia yakaisha. Isidore alijifunika uso akamshukuru Mungu, na huko nje kelele za mama yake zikazidi, kisha zikakatika.

Aimée akaketi, akampa mtoto ziwa. Kabange alinyonya kwa pupa mpaka akashiba. Akaliachia, akamtazama mama yake usoni.

"Asante kwa ushirikiano," alisema. "Nani anamnyonyesha mtoto huyu?"

Aimée aligeuka kwa mumewe. Isidore alikuwa ameshafungua kinywa.