Fungu la Ndege

Haya yalimpata baba mkubwa Donat mwaka wa 1951, hapa Élisabethville. Aliyenisimulia ni mkewe, mama Germaine, ambaye hana tabia ya kutia chumvi. Kwetu hayasemwi mbele ya wageni.

Baba mkubwa alikuwa karani, na roho yake yote ilikuwa kwenye ile kadi ambayo serikali ya kikoloni iliwapa Weusi iliyowaona wamestaarabika. Mmoja wa walioamua nani aipate alikuwa Mzungu wa duka la dawa, mpenzi wa ndege. Jumapili za Septemba, miti inapochipua majani mekundu, Mzungu yule alitoka misa akaenda kutembea kando ya mto, pale mji unapoishia, darubini shingoni. Baba mkubwa alijipendekeza, akawa anafuatana naye.

Jumapili moja babu, baba yake mzazi, aliyekuja kututembelea kutoka Mitwaba, aliomba kwenda nao anyooshe miguu. Baba mkubwa alimwacha atembee nyuma, wala hakumtambulisha.

Njiani akawatokea ndege wa asali. Ni ndege mdogo wa kijivu, hulia kama mtu anayetikisa kiberiti, na humwongoza mtu hadi nyuki walipo. Wakamfuata. Babu akafukiza moshi mtini, akatoa masega, akaweka kipande cha kwanza juu ya jani. Hilo ni fungu la ndege. Kwao wanasema ukimnyima, safari nyingine atakupeleka kwenye kifo.

Mzungu alitabasamu tu, lakini tabasamu lile lilimchoma baba mkubwa. Alikiokota kile kipande, akakila chote.

"Tata, acha hizi mambo za bushenzi," alinong'ona. "Muzungu iko anatuangalia."

Babu alijifuta mikono. "Ile haikuwa yako, mwana."

Jumapili iliyofuata babu alibaki nyumbani, miguu ikimuuma. Ndege akarudi. Mzungu alifurahi, akamfuata, na baba mkubwa nyuma yake.

Ndege hakwenda porini. Aliuacha mto. Akavuka reli. Akaingia mitaa ya Weusi, akiruka paa hadi paa, akiita, akingoja. Watoto walinyamaza alipopita. Baba mkubwa akaanza kuitambua njia.

Akatua juu ya paa lake.

Mama Germaine alikuwa uani akichekecha unga wa mahindi. Anasema mumewe alikuwa amesawijika uso. Ndege alinyamaza. Ndani kulikuwa na mvumo.

Babu alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, amekufa, macho wazi. Nyuki waliingia na kutoka kinywani mwake. Taratibu. Bila fujo. Walikuwa kazini.

Mzungu alivua kofia. "Ule muzee iko nani kwako?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Aibu yetu iko hapo. Neno moja tu lilitakiwa: Tata, yaani baba. Baba mkubwa aliifikiria kadi, akafikiria jinsi Wazungu watakavyohadithiana kifo hiki.

"Iko boyi tu, monsieur."

Mama Germaine anaapa kwamba kope za babu zilishuka wakati uleule. Nyuki wakatoka wote dirishani.

Mzungu, kwa wema wake, alikuja mazishini na shada la maua. Mbele yake babu alibaki mtumishi wa nyumbani, kwa hiyo hatukuweza hata kumlilia kama baba wa mtu. Tulisimama kimya, majirani wakitutazama. Kadi ilitoka kabla ya Krismasi.

Baadaye baba mkubwa alikuwa akienda kaburini peke yake. Mama Germaine alimfuata siku moja akajificha. Alimwona amepiga magoti, amefungua kinywa, anahangaika kusema "Tata". Midomo ilitikisika. Sauti haikutoka. Aliishi miaka mingi bila kulitamka tena neno hilo.

Alipokufa nilikuwepo tukimwosha. Mama Germaine alikifungua kinywa chake kwa kidole. Ulimi mzima ulikuwa umefunikwa na nta, bado laini, bado ya moto. Alitutoa wote nje, akaikwangua peke yake.