Manivannan Wawili

Kila asubuhi kabla ya shule, mimi na rafiki yangu Yazhini hucheza sataranji kwenye ngazi za duka la baba yake, Mzee Manivannan, fundi cherehani wa mtaa wetu hapa Dindigul, kusini mwa India. Yazhini hushinda. Mimi hununa, kisha tunakula idli, vile vimkate laini vya mchele, kwa chatne ya nazi na ninasahau. Baba yake hajui hata farasi anavyoruka, lakini akisikia kete zikigonga ubao hutabasamu huku akishona.

Sisi hatuna majina ya ukoo. Mtu ana jina lake, na mbele yake herufi moja ya jina la baba, basi. Lakini fomu za mashindano huja kwa Kiingereza, zikiwa na kisanduku cha jina la ukoo kisichokubali kubaki kitupu. Mwalimu wetu wa sataranji, Mwalimu Thenmozhi, hujaza humo jina la baba. Kwa hiyo Yazhini akishinda, anayetangazwa ni Manivannan.

Mwaka huu tulikwenda Tiruchi kwa mashindano ya jimbo ya wasichana. Watatu wa mwanzo wangeingia timu ya jimbo. Yazhini aliitamani nafasi hiyo kuliko kitu chochote, na mwakani umri usingemruhusu tena. Mimi nilifungwa mchezo baada ya mchezo, sina la kuficha. Yeye alipigana hadi mchezo wa mwisho, akatoka sare.

Jioni mtangazaji alisoma karatasi yake. "Wa tatu, Manivannan!"

Tulipiga kelele hata ukumbi mzima ukatugeukia. Yazhini alipanda jukwaani akavishwa medali na kupewa cheti. Mwalimu Thenmozhi alimpigia simu Mzee Manivannan papo hapo, na tukamsikia mzee akiwaita majirani waje kula vitamutamu vya laddu.

Yazhini alikaa, akakisoma cheti. Uso wake ukabadilika.

"Kayal, nambari yangu ya mashindano ni ngapi?"

"Nane. Umesahau?"

"Hapa wameandika sabini na mbili."

Tulikwenda kwenye orodha iliyobandikwa ukutani. Palikuwa na Manivannan Y. wawili. Nambari sabini na mbili alikuwa wa tatu. Nambari nane alikuwa wa nne, nyuma yake kwa nusu pointi.

"Nyamaza," nilimnong'oneza. "Kosa ni lao. Wewe hujaiba kitu."

"Kuna mtoto alisimama nilipoitwa," akasema. "Yule pale mlangoni, na mama yake. Alisimama, akaniona napanda, akakaa."

"Si angesema mwenyewe? Ana mdomo! Halafu baba yako ameshagawa laddu mtaa mzima!"

Alikuwa akilia. Nilijua anafikiria nini, maana hata mimi nilifikiria hivyo hivyo: nafasi nyingine haipo. Kisha akaivua medali, akaenda moja kwa moja kwa mwamuzi mkuu. Nilimkasirikia sana, nasema kweli.

Mwamuzi aliangalia karatasi zake mara mbili. Alipogundua kosa, alisimama akamwomba radhi Yazhini, mtu mzima kwa mtoto. Halafu akaita, safari hii kwa jina la mtoto mwenyewe, "Yuvasri!"

Yule msichana alikuja amemshika mama yake sari. Alikuwa mdogo, pengine wa miaka kumi. Yazhini akamvisha medali kwa mikono yake.

"Mbona hukusema, mdogo wangu?"

"Nilidhani nimekosea hesabu, dada. Wewe ulitembea kama mshindi."

"Baba yako naye Manivannan?"

"Ndiyo. Analima vitunguu."

"Wangu anashona nguo," Yazhini akasema, na wote wawili wakacheka, mmoja akiwa bado ana machozi.

Tukaanza safari ya kurudi. Hofu ya Yazhini ilikuwa baba yake. Tulimkuta amevaa shati jipya, majirani wamejaa dukani, sinia la laddu limebaki makombo. Yazhini alimweleza yote mbele yao, bila kujificha nyuma ya Mwalimu.

Mzee Manivannan alivua miwani. Nilianza kumtetea rafiki yangu, lakini akaniinulia mkono.

"Mwanangu, cha kuazima hakisitiri maungo," alisema. "Nafasi ile ungeivaa, na kila siku ungehisi inakubana. Mimi sina shamba wala nyumba ya kukurithisha. Nimekupa jina tu, na wewe umelitunza. Mtu akijua haki si yake, airudishe hata kama hakuna aliyemwona. Ninyi wengine pia msikie."

Nilitazama chini, kwa sababu nilijua ananiambia mimi.

Wakati huo mteja mmoja aliyechelewa akafika akiuliza kwa sauti kubwa, "Eti Manivannan, binti amekuwa wa tatu?"

"Wa nne!" mzee akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara, akamkumbatia mwanawe.