Bomba la Nyuma ya Kabati

Hema la miche, lile la turubai linalosimamishwa chumbani na kuwashiwa taa ndani, likifanya kazi sawasawa, mbavu zake huingia ndani. Feni ya juu huvuta hewa ya moto na kuitoa kwa bomba, na turubai hubonyea kama mashavu ya kizee asiye na meno. Mama Miche alilijua hema lake kuliko alivyomjua mumewe, maana mume alikuwa dereva wa malori, huja nyumbani kama mgeni. Basi asubuhi ile alipoingia na ndoo ya maji akalikuta limevimba kwa nje, limejaa kama tumbo la mjamzito, na feni inazunguka vilevile, aliitua ndoo chini.

"Hee!" akasema.

Akafungua zipu. Joto likampiga usoni, na ndani yake harufu ya nywele zilizoungua. Miche ya nyanya ilikuwa hai, lakini imelala upande. Mmea huinamia taa, hilo hata mtoto analijua. Ile ilikuwa imeipa taa kisogo, yote imeinamia zipu, kama watu waliogeuka kumtazama aliyechelewa kuingia.

Akaifunga zipu haraka.

Sasa, mwanamke mwingine angemwita mtu aje kutazama. Mama Miche hakumwita mtu, na sababu anaijua mwenyewe. Mwanzo bomba lake lilitokea dirishani. Jirani akaja juu kwamba hewa ya moto inampiga usoni na inanuka mbolea, na mwenye nyumba akasema ama bomba litoke, ama yeye atoke. Angeweza kuzima taa moja. Angeweza kupunguza miche. Lakini alikuwa ameitwa mvivu tangu aolewe, na sasa watu walikuwa wanapanda ngazi kuja kuuliza miche yake, na aliyeonja sifa kwa mara ya kwanza hazitemi. Ukuta kati ya chumba chake na cha mama mkwe ulikuwa wa mbao tu. Akautoboa, akapitisha bomba, akalisogeza kabati la mama mkwe likafunika tundu.

Mama mkwe alikuwa amepooza upande mmoja, na ulimi wake mzito. Hewa ya moto ilitokea nyuma ya kabati, ikapanda darini, ikamshukia kitandani mchana kutwa.

"Mwanangu," alisema, "joto."

"Ni majira, mama."

"Fungua kidogo."

"Vumbi, mama. Utakohoa."

Kisha akamfuta uso kwa kitambaa cha maji, na wageni waliomkuta akifuta walikwenda kusema huko nje kwamba mkwe kama huyu hazaliwi tena. Hilo ndilo lililokuwa linamchoma. Angetukanwa angelala usingizi.

Mchana ule, jua likiwa utosini na nyumba kimya, alikuwa anakunja nguo karibu na hema akasikia feni inavuta, na chini ya sauti ya feni kitu kingine kinavuta pia, polepole, kwa kifua kipana, na kila kilipotoa pumzi turubai lilisogea likamgusa bega, likiwa na joto kama ngozi ya mtu mwenye homa. Akajisogeza, nalo likasogea, akajibana ukutani huku akijiambia ni upepo, wakati dirisha limefungwa na pazia halitikisiki, ndipo sauti ikatoka mle ndani, ya chini, ya upole, na sauti hiyo ilikuwa yake mwenyewe:

"Ni majira, mama."

Nguo zikamponyoka mikononi. Mlangoni alikuwa amesimama wifi yake, dada wa mumewe, ambaye huingia bila hodi kwa kuwa anamtembelea mama yake.

"Wifi," alinong'ona, "nani humo?"

"Redio."

"Redio gani inayopumua? Mimi mjinga lakini si kiasi hicho."

Wifi mtu hodari. Kabla ya alasiri alirudi na mganga, mwanamke mfupi aliyebeba vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki. Mganga hakupiga kelele. Aliweka kiganja juu ya turubai, akakiondoa upesi, akakipuliza.

"Ni jini," alisema. "Asili yake moto, amependa joto lenu. Atatoka, lakini hatapita mlango wa watu. Atapita linapopita joto. Bomba hili linaishia wapi?"

Mama Miche akalitazama bomba linavyoingia ukutani. Wifi naye akalitazama.

"Nje," alisema Mama Miche.

"Nje wapi?"

"Juu. Linapandia ndani ya ukuta mpaka paani."

"Sema kweli, binti yangu. Akimkuta mtu mwisho wa bomba, atamfanya nyumba. Na aliyefanywa nyumba hubadilishana naye mahali, akaenda kukaa alipokuwa jini."

Hapo ndipo pa kusema. Neno lilikuwa limefika kwenye meno. Lakini wifi alikuwa anamtazama, wifi yuleyule aliyemwita mvivu kuliko wote, na juzi tu alikuwa amemkumbatia akalia, akasema, "Unamlea mama yetu kuliko sisi aliotuzaa." Ungeanzia wapi?

"Ni kweli," alisema. Kisha, "Ngoja nimtazame mama kwanza, nimtoe mle..."

"Mama amelala, usimtie hofu," alisema wifi, akamshika mkono. "Kaa hapa. Kukimbia ndiko wanakokupenda hawa."

Akakaa. Mkono haukushikwa kwa nguvu. Angeweza kuuvuta.

Mganga akanyunyiza maji, akaanza kusoma kwa sauti ya chini, na hema likatetemeka, likalia kama mlango mbovu, zipu ikapanda na kushuka peke yake kama mtu anayejaribu meno yake, na harufu ya nywele ikawa nzito mpaka wifi akaziba pua, kisha kitu kikaingia kwenye bomba, likavimba kama nyoka aliyemeza panya, uvimbe ukatambaa taratibu kuelekea ukutani huku Mama Miche akiuhesabu kwa moyo wake, umefika kwenye mbao, umepita, na mbona hakupiga kelele, mbona hata sasa alikuwa anaangalia uso wa wifi kuliko ukuta.

Turubai likabonyea ndani. Kimya.

"Ametoka," alisema mganga.

Na kutoka chumba cha pili, sauti safi isiyo na uzito wowote ikaita, "Jamani, nina njaa!"

Wifi alipiga yowe akakimbilia huko. Mama yake alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, mkono uliopooza unachezea shuka. Majirani wakajaa. Kicheko, machozi, vigelegele, na kila aliyeingia alimshukuru Mama Miche. Mama mkwe akawatazama wote bila kupepesa macho, kisha akamnyooshea kidole.

"Huyu ndiye aliyenifungulia njia," alisema. "Asiguswe."

Mama Miche akasema anakwenda kumwagilia miche. Alijifungia chumbani, akasimama mbele ya hema akijifuta jasho. Ndipo akasikia, ndani, karibu kabisa na zipu, ulimi mzito unaohangaika na maneno.

"Mwanangu... joto. Fungua kidogo."

Alishika zipu. Angefungua, angepaswa kuita watu, na watu wangeuliza.

"Wifi!" ilisikika kutoka nje, na vicheko nyuma yake. "Njoo basi usifiwe! Unaongea na nani huko?"

"Na mimi mwenyewe," alijibu. "Nakuja."

Akaiachia zipu. Akakishika kitufe cha feni, akakizungusha mpaka mwisho, mpaka mngurumo ukajaa chumba na sauti ya ndani haikusikika tena. Kisha akajipangusa uso, akafungua mlango, akaenda kusifiwa.