Mama wa Ndani ya Simu

Kanyere, mshonaji wa mtaa wa Keshero, hakuwa mwanamke wa kuamini mambo ya gizani. Yaliyompata aliyasimulia mara moja tu, akiwa amempakata mwanawe Charline kama mtu anayeogopa kunyang'anywa.

Vita vilipoingia mjini, mumewe Achille alikuwa amekwama Butembo kwa biashara. Kanyere alibaki na mtoto wa miaka minne, cherehani, na simu ya mkono wa pili. Achille alikuwa ameinunua kabla ya safari, kwa mtu asiyemjua, siku wakimbizi wa kambi ya Kanyaruchinya walipoanza kubomoa mahema yao. Mabomu yalipolia, Kanyere alimwekea mtoto katuni, akaongeza sauti mpaka mwisho, na mtoto akatulia.

Bunduki zilinyamaza, simu haikunyamaza. Charline hakula bila simu, hakulala bila simu. Kanyere alijua anakosea. Lakini cherehani ilitaka miguu yake na macho yake, na mtoto mwenye simu hasumbui.

"Mutoto wa miaka ine haachiwake peke yake na kitu yenye kusema," jirani yake mama Domitille, mtu wa upande wa Bukavu, alimwambia.

Ndipo Kanyere akaweka sheria: katuni mbili wakati uji unaiva, kisha simu inapanda juu ya kabati.

Alasiri ya Jumatano alikuwa akipiga pindo la sketi ya shule. Uji ulitokota jikoni. Nyuma yake, mkekani, Charline aliongea kwa sauti ya chini. Akanyamaza, kama anayesikiliza. Akacheka kidogo, akaongea tena. Nyumbani walisema Kinande na Kiswahili. Mtoto alikuwa akisema Kihunde.

Neno moja Kanyere alilijua kwa wateja wake Wahunde. Nakuja.

"Charline. Unasemesha nani?"

"Mama."

"Mama njo mimi."

"Ule mwingine. Yeye ananisikilizaka."

Kanyere akaichukua simu. Kioo kilikuwa cheusi. Akabonyeza, haikuwaka. Simu iliyotoka kucheza katuni huwa na joto. Hii ilikuwa baridi kama jiwe la mtoni.

Akaifungia ndani ya kabati, ufunguo akaufunga kwenye ncha ya kitenge chake. Akasubiri kilio. Charline hakulia.

"Haina mubaya," mtoto alinong'ona. "Amesema atakuja kunikamata ku mulango."

"Anakaa wapi?"

"Kule kwa mabashi, kwa maturubai. Kanyaruchinya."

Usiku ule Kanyere hakufumba jicho. Kesho yake hakumwacha mtoto hatua tatu. Alimpa vitambaa achezee, akamwimbia mpaka sauti ikakauka. Saa nane alitoka uani kuongeza makaa kwenye pasi. Makaa manne, si zaidi.

Aliporudi, mkeka ulikuwa mtupu.

Mama Domitille alikuwa kizingitini kwake, akichambua maharagwe. "Amepita sasa hivi," alisema. "Mukono yake moja ilikuwa juu, sawa mutoto mwenye kushikwa na mukubwa. Nilizani ni wewe." Akashusha sauti. "Kisha nikaangalia muzuri. Sikuona mutu."

Kanyere alipanda pikipiki kwenda Kanyaruchinya. Njia nzima alitazama kila mtoto. Hakuna aliyekuwa wake.

Kambi ilikuwa imehamwa. Mawe meusi ya volkano. Fito zilizovunjika. Vipande vya turubai vikipigwa na upepo. Mvua ilianza.

Akaita. Akaita tena.

Akamwona.

Charline alikuwa amekaa kwenye mraba wa mawe, mahali palipokuwa sakafu ya hema. Kutoka Keshero hata mtu mzima angetembea zaidi ya saa mbili. Kandambili zake hazikuwa na tope wala vumbi. Mgongo ulinyooka. Kichwa kilikuwa kimeinama mbele.

"Charline, twende."

"Ngoja, mama. Hajamaliza."

Kanyere akamkamata. Akanyanyua. Mtoto hakunyanyuka. Alikuwa mzito, kama ameshikwa upande wa pili.

"Ni mutoto wangu," Kanyere alisema hewani, taratibu, kama mtu anayeomba. "Nilimwacha. Nimekuja."

Upepo ulisimama. Mtoto akawa mwepesi.

Alimfunika kitenge gubigubi, akakimbia hadi barabarani bila kugeuka nyuma.

Nyumbani, kabati lilikuwa bado limefungwa. Simu ilikuwa ndani, imezimika. Aliivunja kwa jiwe, akaitupa katika shimo la choo, na mama Domitille akasali rozari. Tangu siku hiyo Kanyere anashona na mtoto miguuni pake, akimjibu kila swali, hata lile la mara ya kumi. Kazi imepungua nusu. Halalamiki.

Lakini jioni ile waliporudi, kabla mishumaa ya rozari haijawashwa, alimfunua mtoto amkaushe mvua. Asubuhi nywele za Charline zilikuwa timutimu, hazijaguswa na kitana. Sasa upande wa kushoto ulikuwa umesukwa mistari myembamba, iliyokazwa na mkono wenye uzoefu, kwa nyuzi za bluu zilizochomolewa kwenye turubai.

Upande wa kulia ulikuwa umechanwa tu, ukagawanywa mafungu, tayari kusukwa.